Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Kuandika Programu za Kompyuta kwa Zana za Bure

Zana za kumfundishia mtoto kuandika programu za kompyuta zimejaa mtandaoni, na nyingi kati ya zilizo bora hazitozwi hata senti. Wingi huo ndio unaowachanganya wazazi na walimu. Mtoto huanzishiwa tovuti moja leo na nyingine wiki ijayo, na baada ya muda ameonja kila kitu bila kumaliza kazi hata moja iliyo yake. Mwongozo huu unachagua zana chache, unazipanga kwa umri na utaratibu, na unasisitiza mambo mawili ambayo hakuna tovuti inayoweza kuyatoa: muda wa kutosha katika zana moja, na mtu mzima anayeketi karibu na mtoto akimwuliza maswali. Mtu huyo si lazima awe mtaalamu. Anayeweza kusoma maelekezo na kuuvumilia ukimya wa mtoto anayefikiri anaweza kuifanya kazi hii vizuri.

Hatua ya kwanza: Pima vifaa na umri

Angalia kwanza kifaa kilichopo nyumbani au shuleni. Kompyuta ya mezani au mpakato, hata ikiwa ya miaka mingi, inatosha kwa karibu kila kitu kitakachoelezwa hapa. Kishikwambi kinafaa kwa watoto wadogo. Simu janja ni finyu mno kwa kuunda programu, ingawa inafaa kwa kutazama kazi iliyokamilika na, kama tutakavyoona, kwa kujaribia programu ambazo mtoto mkubwa amezitengeneza kwenye kompyuta.

Kwa umri, chukua mgawanyo huu kama makisio tu: miaka 5 hadi 7 ni ScratchJr, ambayo amri zake ni picha; miaka 8 hadi 12 ni Scratch, ambayo amri zake ni vipande vya rangi vyenye maneno, viitwavyo bloki; na kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kuhamia kwenye Python, lugha ya kuandika programu kwa maandishi. Kinachoamua hasa ni uwezo wa kusoma. Mtoto wa miaka 7 anayesoma kwa ufasaha anaweza kuanza Scratch, na kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kuandika programu hapotezi chochote akianzia huko huko, bali atapita kwa kasi zaidi. Usimcheleweshe mtoto kwa kumtaka kwanza ajue kuchapa haraka, maana katika Scratch hachapi karibu chochote.

Hatua ya pili: Anzeni bila kompyuta

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ni hasara kubwa. Mradi wa CS Unplugged, ulioasisiwa na Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, na ambao makao yake ni Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, hutoa bila malipo mazoezi yanayofundisha misingi ya sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki. Shule isiyo na umeme inaweza kuyatumia muhula mzima.

Anzeni na mchezo wa roboti. Mtoto mmoja awe roboti asiyejua chochote isipokuwa amri tatu: hatua moja mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Mwenzake amwongoze kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji. Sharti ni moja: amri zote ziandikwe kwenye karatasi kabla roboti hajasogea hata unyayo. Wakikosea, wasirekebishe njiani. Warudi mwanzo, watafute mstari wenye kosa, waufute na kuandika upya. Katika zoezi hilo mtoto amejifunza mfuatano wa amri, usahihi wa maneno na namna ya kusaka kosa, yaani sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu.

Zoezi la pili ni la namba. Kateni kadi tano, mchore nukta 1 kwenye ya kwanza, 2 kwenye ya pili, kisha 4, 8 na 16, na mzipange kutoka kulia kwenda kushoto. Mwulize mtoto kadi ya sita ingekuwa na nukta ngapi. Akishagundua kwamba kila kadi ni maradufu ya iliyotangulia, mwambie aonyeshe namba 21 kwa kufunua kadi anazotaka na kufunika nyingine. Atafunua 16, 4 na 1. Andikeni 1 kwa kadi iliyofunuliwa na 0 kwa iliyofunikwa, na mtapata 10101, namna ambayo kompyuta huiandika 21. Mpe muda wa kuthibitisha mwenyewe kwamba kadi hizo tano hufikia kila namba kuanzia 0 hadi 31, na kila namba kwa njia moja tu.

La tatu huonekana kama mazingaombwe. Mtoto apange kadi 25 zenye upande mweupe na upande mweusi katika mraba wa tano kwa tano, vyovyote apendavyo. Wewe ongeza safu moja na mstari mmoja, ukihakikisha kimya kimya kwamba kila safu na kila mstari una idadi shufwa ya kadi nyeusi. Geuka, mtoto apindue kadi moja, kisha itafute: iko pale ambapo mstari wenye idadi witiri unakutana na safu yenye idadi witiri. Baada ya kustaajabu, mweleze siri yake na umwambie kwamba kwa wazo hili kompyuta hugundua data iliyoharibika njiani.

Hatua ya tatu: ScratchJr kwa wasiojua kusoma

ScratchJr ilitolewa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Tufts, MIT (Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani) na kampuni ya Playful Invention. Ni programu ya bure ya vishikwambi, amri zake ni picha, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti wala akaunti. Mtoto huunganisha picha za amri ili paka atembee, aruke au aseme kwa sauti aliyoirekodi mtoto mwenyewe. Kila kazi inaweza kuwa na kurasa nne, kiasi kinachotosha hadithi fupi. Mwambie asimulie kisa anachokijua, kwa mfano cha sungura na fisi, ukurasa kwa ukurasa. Dakika 20 kwa kikao zinatosha kwa umri huu.

Hatua ya nne: Scratch, na mkae hapo kwa muda mrefu

Scratch ndiyo moyo wa mwongozo huu. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007 na kundi la watafiti lililoongozwa na Mitchel Resnick katika Media Lab ya MIT, na toleo la 3.0 lilitoka Januari 2019. Inapatikana kwenye kivinjari kupitia scratch.mit.edu, na pia kuna toleo la kusakinisha kwenye kompyuta na vishikwambi vya Android ambalo hufanya kazi bila intaneti. Pakua hilo la kusakinisha. Ukilipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, unaweza kulinakili kwenye flashi na kulisambaza kwa kompyuta zote za shule bila kutumia bando tena. Kompyuta ikiwa ya zamani mno, tovuti hiyo hiyo ina matoleo ya awali ambayo ni mepesi zaidi.

Jambo la kwanza baada ya kuifungua ni kubadili lugha iwe Kiswahili, ambacho kimo katika orodha ya lugha zake. Tafuta alama ya dunia iliyo juu ya ukurasa, au ingia kwenye mipangilio ikiwa toleo lako ni jipya. Wapo wazazi wanaopendelea mtoto atumie Kiingereza ili ajifunze mambo mawili kwa pamoja. Naamini hilo ni kosa kwa anayeanza. Akili yake yote inahitajika katika kufikiri, na amri anayoielewa papo hapo humwachia nafasi ya kufikiri. Bloki zina rangi na umbo lile lile katika kila lugha, kwa hiyo kuhamia Kiingereza baadaye hakutamsumbua.

Vikao vya mwanzo viwe vya kuchezea. Mwoneshe mambo matatu tu: namna ya kuvuta bloki, namna ya kuziunganisha, na bendera ya kijani inayoanzisha programu. Kisha mwache. Bloki za samawati humsogeza mhusika, za zambarau hubadili mwonekano wake, za manjano husubiri tukio fulani litokee, na mtoto atayagundua hayo mwenyewe mapema kuliko unavyodhani.

Akishazoea, mpe kazi moja kamili. Napendekeza mchezo wa kudaka maembe, kwa kuwa unabeba karibu kila wazo la msingi. Maembe yanadondoka kutoka juu, kikapu kinayadaka, na kila embe lililodakwa linaongeza alama.

Kwanza mchoree ramani ya jukwaa kwenye karatasi. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati; kwa hiyo x inaanzia -240 kushoto hadi 240 kulia, na y inaanzia -180 chini hadi 180 juu. Mtoto ambaye hajafika kwenye namba hasi darasani atazielewa hapa, kwa sababu anaona mhusika akizifuata.

Pili, achore embe na kikapu yeye mwenyewe. Kikapu kikae chini, y ikiwa -140, na amri zake ni fupi: bendera ya kijani ikibofywa, rudia daima, weka x iwe sawa na x ya kipanya. Sasa kikapu kinafuata mkono wake.

Tatu, embe. Bendera ikibofywa, alama ziwekwe sifuri, na embe liende juu, y ikiwa 170 na x ikiwa namba ya kubahatisha kati ya -220 na 220. Kisha rudia daima mambo matatu: punguza y kwa 5; ikiwa embe limegusa kikapu, ongeza alama 1 na ulirudishe juu; ikiwa y imekuwa chini ya -160, lirudishe juu bila kuongeza alama.

Usimpe mtoto maelezo haya yote kwa mara moja. Mwulize kila hatua: embe linapaswa kufanya nini sasa? Litajuaje kwamba limedakwa? Likikosa kudakwa liende wapi? Atakosea, na makosa mawili hujitokeza karibu kila mara. La kwanza ni alama kuendelea kutoka mchezo uliopita, kwa sababu amesahau kuziweka sifuri mwanzoni. La pili ni alama kuruka kwa kasi kutoka 1 hadi 9 kwa embe moja, kwa sababu ameongeza alama lakini hakulirudisha embe juu. Usiushike mkono wake wala usimtajie dawa. Mwulize: embe likiwa ndani ya kikapu, kompyuta inauliza swali la kugusa mara ngapi? Mtoto akijibu swali hilo mwenyewe, ameelewa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa tena na tena, kuliko ambavyo somo lolote la video lingemwelewesha.

Mchezo ukishafanya kazi, uendelezwe kwa wiki kadhaa. Aongeze embe bovu linalopunguza alama, muda wa sekunde 60, kasi inayopanda kadiri alama zinavyopanda, au sauti yake mwenyewe ikipiga kelele embe linapodakwa. Kazi moja iliyoendelezwa namna hii ina faida kuliko kazi kumi zilizonakiliwa. Mtoto anayeweza kuunda mchezo mwingine kutoka karatasi tupu, bila mfano mbele yake, ndiye aliye tayari kwa hatua inayofuata.

Hatua ya tano: Mazoezi yenye mwongozo

Sambamba na Scratch, mtoto anaweza kufanya mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi. Blockly Games, iliyotengenezwa na Google, ni ya bure na inaweza kupakuliwa ili kuchezwa nje ya mtandao. Katika mchezo wa njia panda mtoto huongoza mtu kwa bloki, na kila anapofaulu huonyeshwa kazi yake ikiwa imeandikwa kwa JavaScript, lugha ya programu inayoandikwa kwa maandishi. Mchezo wa mwisho humruhusu kuandika kwa maneno badala ya bloki.

Code.org, iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu Hadi na Ali Partovi, ina kozi za bure kuanzia watoto wa awali hadi sekondari, pamoja na masomo mengi yasiyohitaji kompyuta. Inahitaji intaneti, hivyo inafaa zaidi kwa wenye muunganisho wa uhakika. Shirika la hisani la Raspberry Pi la Uingereza nalo hutoa miradi ya hatua kwa hatua ya Scratch, Python na kurasa za wavuti, na huhitaji kununua kompyuta zao ili kuitumia. Mtandao wake wa Code Club, ulioanza Uingereza mwaka 2012, hukaribisha shule, maktaba na vituo vya jamii kufungua klabu bila ada.

Tahadhari moja kuhusu zana hizi: mtoto anaweza kumaliza ngazi zote kwa kubahatisha na bado asiweze kuunda kitu chake. Mazoezi ya ngazi yasizidi theluthi moja ya muda wake.

Hatua ya sita: Kuhamia kwenye maandishi

Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ndiyo lugha ninayoipendekeza kwa kuanzia maandishi. Pakua Thonny, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia. Inakuja na Python ndani yake, hufanya kazi bila intaneti, na ina kitufe cha kuendesha programu mstari kwa mstari huku mtoto akitazama thamani zinavyobadilika. Msianze na mahesabu. Anzeni na michoro ya kobe (mhusika anayechora mstari kila anapotembea), ambayo asili yake ni lugha ya Logo ya mwaka 1967 iliyobuniwa na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon.

import turtle
kobe = turtle.Turtle()
for upande in range(4):
    kobe.forward(100)
    kobe.right(90)

Amri za Python zitabaki kwa Kiingereza, lakini majina anayoyabuni mtoto, kama kobe na upande hapo juu, yanaweza kuwa ya Kiswahili, na yawe hivyo. Programu hii huchora mraba. Mwulize abadilishe nini ili apate pembetatu. Wengi huweka marudio matatu na digrii 60, kisha hushangaa umbo halifungi. Hapo msimame wote wawili mtembee sakafuni kama kobe, mpaka agundue kwamba anayezunguka umbo na kurudi alipoanza, akitazama alikokuwa akitazama, amegeuka jumla ya digrii 360. Kwa hiyo kila kona ni 360 igawanywe kwa idadi ya pande. Akishalishika hilo, mpe marudio 5 na digrii 144, aone nyota, na aeleze kwa nini jumla safari hii ni 720.

Yapo matatizo mawili yanayowakatisha tamaa wengi bila sababu. Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari miwili ya mwisho ni sehemu ya lugha, na zikikosekana programu haiendi. Aidha, faili lisihifadhiwe kwa jina turtle.py, kwa kuwa Python italisoma hilo badala ya turtle yake yenyewe na kutoa ujumbe wa kosa usioeleweka.

Kijana anayetaka kuona kazi yake ikiishi kwenye simu ajaribu MIT App Inventor, ambayo hutumia bloki kutengeneza programu za Android kwenye kompyuta na kuzijaribu papo hapo kwenye simu iliyounganishwa. Anayependa vifaa anaweza kutumia Microsoft MakeCode, yenye mfano wa micro:bit (kikompyuta kidogo cha kujifunzia) unaofanya kazi ndani ya kivinjari, hata kama kifaa chenyewe hana.

Kuendesha kipindi

Vikao viwili vya dakika 45 kwa wiki ni bora kuliko siku nzima ya Jumamosi. Kompyuta zikiwa chache, waketi wawili wawili: mmoja ashike kipanya, mwingine aeleze la kufanya, na wabadilishane kila baada ya dakika 10. Angalia saa mwenyewe, maana mtoto mwenye kasi atakishika kipanya kipindi kizima, na mara nyingi wasichana ndio wanaobaki watazamaji. Kabla ya kubofya bendera, waseme wanatarajia kuona nini. Kikitokea kingine, waeleze tofauti. Wewe usiguse kipanya chao.

Zana za akili mnemba zinazoandika programu zinaweza kumsaidia mtu mzima kuelewa ujumbe wa kosa. Kwa mtoto anayeanza, ningeziweka kando mpaka aweze kueleza kwa maneno yake kila mstari wa programu fupi.

Walimu wa Kenya wanaotafuta nafasi ya somo hili kwenye ratiba watakumbuka kwamba ujuzi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi katika Mtaala wa Umilisi. Kwa shule yoyote yenye kompyuta lakini isiyo na intaneti, Kolibri, programu ya kujifunzia ya shirika la Learning Equality, husakinishwa kwenye kompyuta moja, na nyingine hujiunga nayo kwa mtandao wa ndani. Ina Kiswahili, na ina masomo ya hisabati yanayosaidiana vizuri na kazi hii.

Akaunti, usalama na uhifadhi

Scratch haidai akaunti ili kuunda kazi. Akaunti inahitajika kwa kushiriki kazi na kuacha maoni. Msifungue mpaka mtoto awe na kazi anayotaka wengine waione. Mkifungua, tumieni baruapepe ya mzazi, na jina la mtumiaji lisiwe jina lake halisi wala lisitaje shule au mtaa. Picha za uso wake na sauti inayotaja mahali anapoishi zisiwekwe kwenye kazi inayoshirikiwa. Soma maoni pamoja naye mwanzoni, na umwoneshe kitufe cha kuripoti.

Kazi zilizoundwa nje ya mtandao huhifadhiwa kama mafaili yenye kiambishi .sb3, na kompyuta ikiharibika hupotea zote. Mfundishe mtoto kuhifadhi kila toleo kwa jina jipya, kwa mfano maembe-1, maembe-2, maembe-3, na kunakili kabrasha zima kwenye flashi mwisho wa kila wiki. Toleo jipya likivurugika, atafungua la jana na kuendelea.